Padre aliniuliza ninangoja nini

Nilikuwa nimeshamaliza. Dhambi nimezitaja kwa mpangilio uleule wa kila mwaka, nimeomba msamaha kwa hizo na kwa zote nilizozisahau, nimeinamisha kichwa. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Dominika ya pili ya Majilio. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na nilijua kabisa kitakachofuata: Salamu Maria tano, maondoleo, mlango.

Padre akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unangoja nini?"

Nikadhani ananifukuza.

"Malipizi, Padre," nikasema.

Akacheka. "Hapana. Kwenye Majilio haya. Unangoja nini?"

"Krismasi."

"Krismasi itakuja hata usipoingoja," akasema. Kisha akanipa Salamu Maria tano kama nilivyotabiri, akaniondolea dhambi, nikatoka.

Siri ya kitubio inamfunga yeye, mimi hainifungi. Ndiyo maana naandika.

## Swali lililoganda

Mara ya kwanza nilikasirika. Nilienda kuungama, sikwenda kufanyiwa mtihani. Isitoshe, jibu langu halikuwa baya. Majilio si ndiyo maandalizi ya Noeli? Rangi ya zambarau, wimbo wa Utukufu kunyamazishwa siku za Dominika, mishumaa minne inayowashwa mmoja mmoja: vyote si vinaelekea usiku ule?

Ndiyo, na hapana. Wanaohudhuria Misa za kila siku wanajua kwamba hadi Desemba 16 liturujia haimtazami sana mtoto wa horini. Inatazama mwisho. Injili ya Dominika ya kwanza, mwaka wowote ule wa masomo, hutuambia tukeshe, siku ile isije ikatukuta ghafla. Ni kuanzia Desemba 17 tu ndipo Kanisa linageuza uso waziwazi kuelekea Bethlehemu. Nimesali hivyo maisha yangu yote. Kila Misa, baada ya Baba Yetu, padre husema kwa niaba yangu kwamba tunatazamia ujio wa Mwokozi. Mimi huitikia vizuri kabisa.

Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Hapo ndipo swali lilipoganda. Nilijikagua nikiosha vyombo, nikiwa njiani, nikiwa kitandani. Ninangoja nini? Najua ninachokiogopa. Najua ninachokitaka pia, na orodha yake ni ndefu. Lakini kungoja ni kitu kingine. Anayengoja mgeni huonekana: hakai mbali na mlango, akisikia hatua nje hunyamaza asikilize. Mimi nyumba yangu ilikuwa imetulia sana.

Kiswahili chetu kinatuumbua hapa. Tuna kusubiri, ambako kumeshikana na subira. Tuna kungoja. Halafu tuna kutazamia, ambamo ndani yake mna macho. Mtu anaweza kungoja huku amelala, anaweza hata kusubiri huku amesahau anachosubiri. Kutazamia ukiwa umefumba macho haiwezekani. Na neno ambalo Injili inalitia kinywani mwa Yohane Mbatizaji ni hilo la tatu.

## Kutoka gerezani

Yohane alinikuta Dominika iliyofuata, ile ya Gaudete, yaani "Furahini", padre akiwa amevaa waridi na sisi tumeamriwa kufurahi. Mwaka huu somo lilikuwa Mathayo 11. Yohane yuko gerezani. Yeye aliyesema shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, aliyeahidi mtu mwenye pepeto mkononi, anasikia habari za Yesu na hazifanani na alivyotangaza. Hakuna shoka. Hakuna moto. Kuna vipofu wanaoona na maskini wanaohubiriwa. Basi anatuma wanafunzi wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Nimewasikia wahubiri kadhaa wakihangaika kumtetea Yohane hapa, kwamba aliuliza kwa faida ya wanafunzi wake, kwamba yeye binafsi hakuwa na shaka. Ni maelezo ya zamani na yana heshima zake. Mimi siyahitaji. Namhitaji Yohane anayeuliza kwa dhati, kwa sababu mtu hawezi kukatishwa tamaa na kitu ambacho hakukitazamia. Shaka yake inathibitisha kwamba alikuwa na macho mlangoni.

Mimi sikuwa na shaka yoyote Dominika ile. Ndilo lililonitisha.

Kuna kitu kuhusu lile shada la mishumaa ambacho Wakatoliki wengi hatukijui, na nakiweka hapa kwa sababu kilinichekesha: tumelipata kwa Walutheri. Johann Hinrich Wichern, mchungaji aliyelea watoto wa maskini huko Hamburg, alitengeneza la kwanza mwaka 1839 kwa gurudumu la mkokoteni. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Akaweka mishumaa midogo kwa siku za kazi na minne mikubwa kwa Jumapili, ili wahesabu wenyewe. Chombo kizima kimezaliwa na usumbufu wa watoto waliojua wanachongoja.

Sisi tumebaki na mishumaa.

## Mzee kwenye uvumba

Desemba 19 ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda Misa ya asubuhi bila sababu maalumu, nikakaa karibu na nguzo ninayoipenda kwa kuwa inanificha. Injili ikawa ya Zakaria, kuhani mzee asiye na mtoto, baba wa Yohane wa baadaye.

Naijua. Wewe pia unaijua, sitaisimulia. Nataka kusimama kwenye sentensi moja tu, ile ya malaika: "Usiogope, Zakaria, maana dua yako imesikiwa."

Dua gani?

Wako wanaosema Zakaria pale madhabahuni alikuwa akiuombea wokovu wa Israeli, na malaika anazungumzia huo. Inawezekana. Lakini malaika anaendelea moja kwa moja kumtaja Elizabeti na mtoto wa kiume, na Zakaria anajibu kama mtu aliyekumbushwa jambo la zamani sana: "Nitajuaje neno hilo? Maana mimi ni mzee, na mke wangu ni mkongwe wa siku." Mtu huyu aliwahi kuomba mtoto. Labda bado anaomba, kwa mazoea, maneno yakiwa yamelainika kama jiwe la mtoni. Ila alikwisha kuacha kungoja. Hata siku moja hakuwaza kwamba sala inaweza kujibiwa akiwa kazini, uvumba mkononi, watu wakimsubiri nje.

Nikahisi mtu amenishika bega nyuma ya ile nguzo.

Mimi nina kaka. Ni mkubwa kwangu. Hatujazungumza tangu wiki ya mazishi ya mama, miaka sita sasa. Sababu siiandiki. Si yangu peke yangu, na nikiiandika nitaiandika kwa namna ya kunipendelea. Ila kila usiku, mwisho wa Rozari, huongeza: "Na kaka yangu, Bwana, umrudishe." Kila usiku kwa miaka sita. Ningekuwa na kitabu cha kuandikia uaminifu wangu, hicho kingekuwa ukurasa wangu wa kwanza.

Nikajiuliza pale pale: akibisha hodi usiku wa leo, nitafurahi?

Nitashtuka. Na baada ya kushtuka, nitaudhika kidogo, kwa sababu sijajiandaa, kwa sababu nimeshazoea kuwa ndugu aliyeachwa anayesali. Ni nafasi nzuri ile. Mtu anapata huzuni na heshima kwa pamoja, tena hadaiwi kitu.

Tunasema subira huvuta heri. Yangu haikuwa ikivuta kitu. Nilikuwa nimeikalia.

Zakaria alitoka hekaluni bila sauti. Watu walimtazamia neno, akawapungia mkono. Tumezoea kuiona kama adhabu, na malaika mwenyewe anasema ni kwa sababu hakusadiki. Mimi nilitoka Misani nikiona ni haki tu: kinywa kilichozoea kuomba bila mwenyewe kuwepo kipumzishwe kwanza. Usiku ule nilisali Rozari, nikafika mwisho, sikuongeza ile sentensi. Niliona haya kuitamka.

## Uje

Kipindi hicho, kuanzia Desemba 17 hadi 23, Kanisa husali Masifu ya Jioni likitumia zile antifona saba, vibwagizo vifupi vinavyoanza kwa "Ee": Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Macheo, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Kila moja inamwita Kristo kwa jina la kale, kisha inamwambia uje. Kwa Kilatini, ukichukua herufi ya kwanza ya kila jina ukaanzia mwisho, unapata maneno mawili, *ero cras*: kesho nitakuwepo. Kama watawa wa kale walikusudia au ni bahati, hilo halinisumbui.

Lililonisumbua ni vitenzi. Uje utufundishe. Uje utukomboe. Uje uwatoe waliofungwa. Anayeomba hivi anajua anachotaka afanyiwe. Mimi sala yangu ya miaka sita ilikuwa "umrudishe yeye". Sikuwahi kusema "uje kwangu" kuhusu jambo hilo. Kwa maelezo yangu, aliyepotea alikuwa mmoja tu.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alifundisha kwamba ujio wa Bwana ni wa namna tatu. Wa kwanza katika mwili na udhaifu, wa mwisho katika utukufu. Kati yake kuna mwingine uliofichika, anapokuja katika roho na nguvu kwa mtu aliye hai leo, na huo ndio njia ya kutoka ule wa kwanza kufika ule wa mwisho. Katika Masifu, maneno hayo husomwa wiki ya kwanza ya Majilio. Nimeyapita miaka mingi nikiyaona mazuri. Mwaka huu nilikwazika. Kama anakuja leo, basi anakuja kwenye nyumba hii, yenye namba ya simu ambayo sijaipiga kwa miaka sita.

Nilifikiria kuipiga. Nikaahirisha hadi baada ya sikukuu.

## Usiku wenyewe

Ningependa kuwaambia kwamba usiku wa Noeli kitu kilifunguka. Hapana. Niliimba Utukufu kwa sauti, kengele zikalia, Isaya akatangaza kwamba watu waliokwenda gizani wameona nuru kuu. Kwenye Kanuni ya Imani, tulipofika pale Mwana alipofanyika mwanadamu, tukapiga magoti wote, kwa kuwa siku hiyo na ile ya Machi 25, ya Maria kupashwa habari, haitoshi kuinama. Nilipiga magoti. Goti liliuma. Nikainuka.

Moyoni kimya kabisa.

Nilitazama hori. Mtakatifu Fransisko alipoandaa Noeli ya Greccio mwaka 1223, inasemekana hakuweka sanamu ya mtoto. Kulikuwa na nyasi, ng'ombe na punda hai, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori. Aliyengojwa alifika kwa njia ya altare. Hilo nalijua vizuri, nimelieleza kwa wengine. Usiku ule nilipokea Komunyo nikarudi mahali pangu nikiwa na wazo moja tu, kwamba padre alisema kweli. Krismasi ilikuja, na mimi sikuwa nimeingoja.

Kesho yake Stefano shahidi, mavazi mekundu, mawe. Jumapili ya Familia Takatifu niliikwepa kwa kwenda Misa ya kwanza na kuondoka haraka. Mnaoishi na ndugu msiosalimiana nao mnaielewa Jumapili hiyo.

## Wazee wawili

Wengi tukishafika Desemba 26 tunafunga vitabu. Kipindi cha Noeli kinaendelea hadi Ubatizo wa Bwana, na humo katikati Kanisa limeficha kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu siku hizo huwa nimechoka na sikukuu.

Desemba 29, Injili ya Simeoni. Desemba 30, Ana.

Fikiria mpangilio huo. Majilio yamekwisha, tumeimba, mtoto amezaliwa, na siku nne baadaye tunaletewa mzee ambaye Luka anamweleza kwa kazi yake moja: alikuwa akiitarajia faraja ya Israeli. Siku inayofuata, mjane mkongwe asiyetoka hekaluni, akizungumza na wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi. Baada ya Noeli tunafundishwa kungoja na wabobezi.

Na walipewa nini? Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu baada ya Misa, hadi mtunza sakristia akaanza kuzima taa moja moja kwa kunihurumia. Simeoni alingoja faraja ya taifa zima. Alipewa mtoto wa siku arobaini. Warumi walikuwa bado wanatawala. Herode alikuwa bado ni Herode. Mtoto hajasema neno, hajaponya mtu. Wazazi ni maskini, wamekuja na sadaka ya ndege. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza "ndicho hiki tu?", ni yeye. Akampakata akasema: "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani." Maneno hayo Kanisa huyasali kila usiku kabla ya kulala.

Alikubali mwanzo kana kwamba ni utimilifu. Mavuno hakuyaona.

Mimi nilichokuwa nikimwomba Mungu kwa miaka sita ni upatanisho uliokamilika. Kaka mlangoni, machozi, maelezo, yeye akikiri kwanza. Nisingekubali chini ya hapo. Mtoto wa siku arobaini ningempita hekaluni bila kumtazama mara mbili.

## Neno moja

Nilirudi nyumbani nikafungua simu. Niliandika ujumbe mrefu. Nikaufuta. Nikaandika mwingine wenye mistari miwili, na katika mistari hiyo miwili niligundua nimejitetea mara tatu. Nikaufuta pia. Mwishoni nikatuma nilichomwambia kila asubuhi nilipokuwa mtoto, kabla hatujawa na la kugombania:

"Shikamoo kaka."

Basi.

Sikuichagua kwa busara. Nilichoka tu. Baadaye ndipo nilipoona nimefanya nini: shikamoo ni salamu isiyojitosheleza. Ikitolewa inabaki inaning'inia mpaka mwingine aipokee. Aliyeitoa hana la kuongeza.

Kesho yake, hakuna kitu. Mwaka mpya, sherehe ya Maria Mama wa Mungu, hakuna kitu. Tokeo la Bwana, mamajusi wamefika na dhahabu zao, hakuna kitu. Nilikuwa naitazama simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa. Nikisikia mlio nanyamaza. Ikiwa ni ya mtu mwingine, nasikia kifua kinashuka. Iliniuma, na katikati ya kuumia, nikiwa nimesimama jikoni na mikono yenye maji, nikalikumbuka swali la padre.

Sasa ningeweza kumjibu.

Jumatano, siku isiyo na sherehe yoyote, simu ikalia saa nne usiku. Ilikuwa siku ya tisa, na naomba msiitafutie novena, ile sala ya siku tisa.

"Marahaba."

Hakuna zaidi. Hakuuliza hali, hakusema mdogo wangu. Sijui aliandika akiwa na uso gani. Rafiki yangu mmoja, nilipomwonyesha, alisema hilo ni jibu la mtu anayetimiza wajibu. Huenda. Nilikaa kitandani nimeishika simu kwa mikono miwili.

Leo ni Ubatizo wa Bwana. Kesho padre atavaa kijani, rangi ya siku za kawaida. Tangu Jumatano nimeandika jibu mara nne na kulifuta mara nne, kila mara nikikuta ndani yake kesi yangu imejificha. Mara ya tano, kabla ya kuanza kuandika haya mnayosoma, niliandika ile salamu ambayo watu huitupa tu njiani bila kuifikiria, "Habari za siku nyingi, kaka?", nikaiacha iende.